Meza ya Kunusia

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naanza na magoti yako, maana najua ukiulizwa habari za jumla utajibu "nzuri" hata kama umelala kitandani juma zima. Lile la kulia bado linakataa kukunjika asubuhi? Unatembea kidogo kama ulivyoambiwa, au unatembea pale tu daktari anapokutazama? Na Kaka je, bado anakoroma mpaka paka anahama chumba?

Sisi huku hatujambo. Mkweo anakusalimu sana, bado anatafuta funguo za gari kila asubuhi huku amezishika mkononi. Mjukuu wako wa kike amenipita urefu na sasa ananitazama kutoka juu kama mkaguzi wa shule. Mdogo wake ameng'oka meno ya mbele, lakini hilo halijampunguzia maneno.

Utashangaa kupata barua badala ya simu. Mama, simu yako nimeikimbia makusudi. Wewe ukipigiwa unaweka sauti ya nje, na jirani yako anajibu kabla yako. Haya ninayoyaandika ni yangu na wewe. Tena najijua, nikisikia sauti yako nitakatiza njiani niseme mambo ni shwari, nami leo nataka nifike mwisho. Kwa hiyo vaa miwani, kaa hapo dirishani penye mwanga, usome mwenyewe.

Nilipokuja kukuona uliniuliza swali nikalijibu kwa mzaha. Uliuliza mkurugenzi mtendaji anafanya nini hasa kuanzia asubuhi mpaka jioni, ikiwa sabuni hapiki, hakati, hafungashi wala hauzi. Nikasema natia saini. Ulicheka, lakini niliona hukuridhika, na haki ulikuwa nayo. Acha nikujibu sasa kwa heshima zote.

Kwanza nakuomba uache kuwaambia wenzako wa chama kwamba kampuni ni yangu. Kampuni ina wenyewe. Wenyewe wana bodi, bodi ina mwenyekiti, na mwenyekiti akiamka vibaya anaweza kunibadilisha kama unavyobadilisha mapazia. Mimi ni mwajiriwa kama yule anayefagia getini. Tofauti yetu ni kwamba yeye akikosea anaambiwa siku hiyohiyo.

Asubuhi nasikiliza watu wa mauzo wakiwalaumu wapishi, wapishi wakiwalaumu watu wa ununuzi, na watu wa ununuzi wakiilaumu barabara. Mchana naamua nani ana haki, na jioni nagundua hakuna. Wewe husema mkubwa ni jalala, nami nilipopewa cheo nilijiandaa kutupiwa kila takataka. Kumbe mimi situpiwi kitu. Takataka wanazunguka nazo kwenda kutupa kwingine, mlangoni kwangu wanaleta maua. Nikiingia kantini mazungumzo yanakatika. Nikisema mzaha wanacheka kabla sijafika penye kuchekesha, na ujue mizaha yangu haijawahi kuwa mizuri hivyo.

Nikupe mfano. Kuna siku nilivaa blauzi mpya kwenda kazini. Nikaongoza kikao cha wakuu wa idara, nikapokea wageni wa benki, nikamzungusha mwandishi wa gazeti kiwanda kizima, na picha nikapigwa. Jioni mume wangu alinipokea mlangoni akaniuliza kama siku hizi nauzwa, maana lebo ya bei ilikuwa inaning'inia mgongoni tangu asubuhi. Wote wale waliiona, Mama. Katibu muhtasi wangu alitembea nyuma yangu siku nzima. Nilipomuuliza kesho yake akasema aliogopa kunifedhehesha. Basi akaniacha nifedheheke taratibu. Nikaona ni kichekesho tu, nikakisimulia kila mahali, wala sikukifikiria zaidi ya hapo.

Sasa nikueleze kuhusu meza, maana bila meza hutaelewa kilichotokea. Kila mpiko wa sabuni, kabla ya kupelekwa ghalani, hupita kwenye meza ya kunusia. Ni meza ndefu ya mbao iliyopauka kwa maji, iko kwenye chumba kisichopakwa rangi wala kupigwa deki kwa dawa, ili harufu nyingine isiingie. Kila mtu anakatiwa kipande, anakilowesha kwa maji ya uvuguvugu, anakisugua viganjani, kisha anafunika pua kwa viganja na kuvuta pumzi. Halafu anasema iko sawa, au haiko sawa. Basi. Mashine zinapima mengine yote, lakini harufu ya sabuni bado inapimwa na pua ya mtu.

Mwanzilishi wa kampuni, Mungu amlaze pema, aliweka sharti moja. Anayeanza kusema ni yule aliyeajiriwa karibuni kuliko wote, na wa mwisho ni mkubwa. Alisema mkubwa akianza, meza nzima inabaki na pua moja. Mimi nilipoajiriwa ndiye niliyekuwa naanza. Kuna siku nilisema haiko sawa, na wote walionifuata wakasema iko sawa. Ilipofika zamu ya mwanzilishi alinusa, akanusa tena, akaagiza mpiko wote urudishwe tangini. Hakunisifu. Aliniambia tu kesho nisichelewe. Kwa pua hiyo, Mama, nilipanda ngazi moja baada ya nyingine mpaka nikakalishwa kwenye kiti hiki cha ngozi ambacho kinalia nikikiegemea.

Siku ya kwanza kurudi mezani nikiwa mkurugenzi, mpishi mkuu alikata kipande cha kwanza akanipa mimi, kwa mikono miwili. Huyu mpishi nimekusimulia habari zake, ndiye aliyenifundisha kazi, yule anayevaa kofia ya sufi hata kwenye joto la matangi. Sote tunamwita Kofia. Alisema haifai mama mkurugenzi asubiri wadogo, na wote wakaitikia. Ilikuwa heshima, tena ya kweli, na wewe umenilea nisikatae heshima ya mtu mzima. Nikapokea. Mpiko uliofuata ikawa hivyohivyo, baadaye ikawa ndiyo desturi yetu, na sharti la marehemu likabaki ukutani ndani ya fremu, limewekewa na kioo.

Ndipo ukaja mpiko wa sabuni ya kijani, ile ya kuogea. Mafuta yake yalikuwa yamekaa tangini kupita kiasi kwa sababu boila ilikuwa kwenye matengenezo, na Kofia akayatumia akiamini bado ni mazima. Nikakatiwa kipande changu. Nikasugua, nikanusa, nikasema iko sawa. Kofia akasema iko sawa. Wa maabara, wa mauzo, wa ghala, wote iko sawa. Sabuni ikaenda madukani.

Haukupita muda, katoni zikaanza kurudi. Mafuta yalikuwa yamechacha. Hakuna aliyedhurika, ngozi za watu ni salama, lakini mwenye duka mmoja alituandikia kwamba wateja wake wakitoka kuoga wananuka kikaango cha jana. Mwenyekiti wa bodi akanipigia. Alikuwa mpole sana, na upole wake ndio ulionitisha. Alisema wenye kampuni wanataka kumwona mtu akiwajibika, na mtu huyo ni mpishi mkuu. Barua ya kumwachisha kazi imeshaandaliwa, nitie saini kabla bodi haijakutana Ijumaa. Mimi sina lawama, alisema, mkurugenzi ana mengi kichwani, anawaamini wataalamu wake. Alinifungulia mlango wa kutokea, akanitandikia na zulia.

Kofia alikuja mwenyewe ofisini bila kuitwa. Alikataa kiti. Kofia yake ameivua, ameishika kifuani, na miaka yote hii sikuwahi kukiona kichwa chake, kumbe nywele zilishakwisha. Nilimuuliza kama siku ile mezani hakusikia harufu.

"Nilisikia," akasema. "Imechacha kabisa. Lakini wewe ulishasema iko sawa, na pua yako naijua tangu ukiwa msichana. Nikasema basi, yangu ndiyo imezeeka."

Akaniambia nitie saini, nisijisumbue kumtetea, maana nyuma ya kiti changu wamesimama watu wengi wanaokula kwa kampuni hii, na nyuma ya kiti chake yuko yeye na mkewe tu. Aliyasema hayo kwa utulivu kama anayenielekeza kipimo cha magadi. Alipotoka niliwaita wenzake mmoja mmoja. Wa mauzo alidhani ameingiwa na mafua. Wa maabara alidhani ni mikono yake, alikuwa amekula samaki. Wa ghala alidhani huenda ni manukato mapya ya bei kubwa, na vitu vya bei kubwa yeye havielewi. Kila mmoja aliishitaki pua yake kabla ya kuishitaki yangu.

Sasa Mama, hapa ndipo nilipotaka uvae miwani. Pua yangu imekufa. Sisikii harufu yoyote.

Unakumbuka yale mafua yaliyonilaza, ukawa unapiga simu asubuhi na jioni? Nilipona homa, nikapona kikohozi, harufu haikurudi. Nilidhani ni ya kupita. Nikanusa vitunguu, nikanusa siki, nikanusa petroli kituoni mpaka muuzaji akanitazama vibaya, nikanusa soksi za mwanangu. Hakuna kitu. Ni kama nyumba iliyozimwa redio ambayo hukujua ilikuwa inalia siku zote. Sikumwambia mtu. Mume wangu aligundua siku nilipokunywa maziwa yaliyoharibika nikamaliza glasi. Akanisihi niseme kazini. Mficha maradhi kilio humfichua, akawa ananiimbia methali hiyo kila asubuhi mpaka nikamkataza.

Na mimi nikaendelea kwenda mezani. Nilikuwa nafunika pua kwa viganja, nasema iko sawa, halafu natazama nyuso. Nyuso zikikubali, moyo wangu unatulia, naona nimepatia. Mimi nilikuwa nasoma nyuso zao, Mama, na wao wakisoma wangu. Kumbe pale mezani hapakuwa na pua hata moja. Niliogopa kusema kwa sababu pua ndiyo iliyonifikisha hapa. Sina shahada kubwa kama za wajumbe wa bodi, sina jina la ukoo. Niliona wakijua imekufa watauliza huyu anafanya nini kwenye kile kiti, na mimi nisingekuwa na jibu, kama nilivyokosa jibu uliponiuliza wewe.

Lakini kumfukuza yule mzee kwa kosa la pua yangu sikuweza. Nilijaribu. Kalamu niliishika, nakuambia ukweli.

Alhamisi niliwaita wote mezani. Nikaagiza kitolewe kipande cha sabuni ile ya kijani, kikatwe, na aanze mwenzetu aliyeajiriwa karibuni kuliko wote, mwanamke wa kufungasha aliyetoka kiwanda cha mishumaa. Maskini alinitazama mimi, akamtazama Kofia, akatazama kipande, kama mtu anayevuka barabara yenye magari mengi. Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba haiko sawa, imechacha. Aliyefuata akasema haiko sawa. Ikazunguka hivyo mpaka kwa Kofia, naye akaitamka kwa hasira, kama kitu alichokishikilia mdomoni muda mrefu. Zamu yangu ikafika. Nikasugua, nikafunika pua, nikavuta pumzi kama kawaida, kwa mazoea tu.

"Mimi sijui," nikasema. "Sisikii harufu. Tangu nilipougua yale mafua sijasikia harufu ya kitu chochote."

Kofia alikuwa wa kwanza kufungua kinywa, na hakunionea huruma hata kidogo.

"Na hukutuambia?"

"Na wewe hukuniambia."

Tukabaki tunatazamana kama watoto waliovunja chungu kimoja. Yule mwanamke wa mishumaa akaponyokwa na kicheko, akaziba mdomo, lakini kilishatoka. Wakacheka wote, nami nikacheka mpaka machozi yakanitoka, halafu kicheko kikaisha, machozi yakabaki. Kofia akanipa taulo ya mezani. Nikajifuta uso nayo bila kujua kama ni safi.

Ijumaa niliyarudia hayohayo mbele ya bodi. Ile barua niliirudisha bila saini. Mwenyekiti akaniuliza kampuni ya sabuni itaongozwaje na mtu asiyeweza kunusa. Nilikuwa nimeandaa jibu la maana, la kitaalamu, limenikimbia lote. Nikamjibu kwamba inaongozwa vibaya kama mtu huyo anajifanya ananusa, na kama hajifanyi, basi wanijaribu waone. Mjumbe mmoja alicheka. Mwenyekiti hakucheka.

Kofia amebaki kazini, amepewa onyo la maandishi kwa yale mafuta. Mimi nimepewa onyo kubwa kuliko lake, na hilo naliona ni haki. Kuhusu cheo changu wataamua mwisho wa mwaka. Daktari anasema mishipa ya harufu inaweza kuamka polepole, na inaweza isiamke, nisimshike kwa lolote. Kwa hiyo huenda mwakani usiwe tena mama wa mkurugenzi. Anza kuwazoesha wenzako wa chama kidogo kidogo.

Siku hizi mezani nakaa mwisho. Sikatiwi kipande. Wenzangu wakishasema, mimi nauliza nani alitaka kusema jingine akasita, na nasubiri. Mara nyingi yupo. Kusubiri huko ni kugumu kuliko kazi zote nilizowahi kufanya, maana ulimi unawasha, nawe unajua nilivyoumbwa. Ukiniuliza tena nafanya nini kutwa, hicho ndicho nitakachokutajia.

Lakini Mama, sikukuandikia kwa ajili ya bodi. Katoni moja ya ile sabuni ya kijani nilikutumia wewe. Ulipoipata ulipiga simu, ukasifu povu lake, ukasifu harufu yake, ukasema hujawahi kuoga ukajisikia hivyo. Jana Kaka, bila kujua kwamba anakuchongea, ameniambia kwamba unaisugulia ngazi za nyuma na kumwoshea mbwa, na mbwa mwenyewe akiiona anakimbia.

Nilicheka peke yangu ofisini. Kisha nikaumia sana. Wewe ndiye uliyesema mbele ya mashangazi wote kwamba gauni langu la harusi limenifanya kama mto wa kochi. Wewe ndiye uliyenirudisha kutoka mlangoni nikabadilishe sketi, nikabadilishe marafiki, nikabadilishe hata namna ya kucheka. Dunia nzima ikinidanganya naweza kuvumilia, ni sehemu ya mshahara. Hata wewe, Mama? Hata wewe umeanza kuniita mkurugenzi?

Na mimi nilikudanganya. Siku ile nilipokuja uliniuliza kwa nini nimekukumbatia muda mrefu vile, na kwa nini nalia. Nilikuambia ni uchovu wa kazi. Haukuwa uchovu. Nilikuwa nimezamisha uso shingoni pako, navuta pumzi kwa nguvu zangu zote, naitafuta harufu yako, ile ninayoijua tangu nikiwa mgongoni kwako, na haikuwepo. Ulikuwa mikononi mwangu na nilikukosa. Sabuni zote za kiwanda kile zingechacha siku moja nisingelia hivyo.

Naja mwisho wa mwezi huu. Usinipikie chochote, usiwaite watu. Nikifika nikalishe karibu yako, uniambie nyumba inanukaje, jikoni kuna nini, shuka zilianikwa juani au ndani, na wewe mwenyewe unanukia nini siku hizi. Kama ni moshi, sema ni moshi. Kama ni uzee, sema ni uzee. Usinipambie hata kidogo. Chochote utakachosema, mimi nitafumba macho na kukiamini.

Nisalimie Kaka, wala usimgombeze. Wajukuu zako wanakuamkia, na mkweo anaomba umwombee apate funguo. Nakubusu mikono yote miwili, na magoti, la kulia mara mbili.

Ni mimi mwanao wa mwisho, ambaye bado hajakua kiasi cha kuacha kukemewa na wewe.